Maswali ya Wasomaji: Kifurushi Kimerudi, Kosa Liko Wapi?

Siku hizi barua nyingi zinazonifikia ni za vifurushi vilivyokwama forodhani. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye kaunta ya vifurushi hapa Kisumu, na jambo hili bado linaniuma, kwa sababu nyuma ya kila kifurushi kilichorudi kuna mtu aliyejinyima ili akitume. Nimechagua barua nne.

Mama, salamu kutoka Nyalenda. Binti yangu anasoma Ujerumani. Nilimtumia gauni la kitenge, omena, aliya (nyama iliyokaushwa) na chupa ya samli. Kwenye fomu niliandika "zawadi na vitu vya nyumbani". Mahali pa bei niliacha wazi, maana siuzi kitu. Kifurushi kimerudi, na nimetakiwa kulipia kurudishwa kwake. Zawadi nayo inahitaji bei?

Mama mwenzangu, pole sana. Ndiyo, zawadi inahitaji bei. Afisa wa forodha haulizi kama umeuza. Anauliza kitu hiki kingenunuliwa kwa pesa ngapi. Ukiacha wazi au ukiandika sifuri, hana namna ya kukipitisha. Kitenge ulinunua sokoni na fundi ukamlipa, basi jumlisha hizo mbili uandike, na utaje kuwa ni shilingi za Kenya. Katika Umoja wa Ulaya, zawadi kutoka kwa mtu binafsi kwenda kwa mtu binafsi haitozwi ushuru wala kodi ikiwa thamani yake haizidi yuro 45. Gauni lako huenda lingepita bila mwanao kutoa hata senti, lakini thamani hiyo lazima isomeke kwenye fomu.

Pili, "vitu vya nyumbani" hayaelezi chochote. Kila kitu kipewe mstari wake: ni nini, kimetengenezwa kwa nini, vingapi, uzito gani, bei gani, kimetoka nchi gani. "Gauni la mwanamke, kitambaa cha pamba, jipya, moja." Andika kwa Kiingereza, na mkono usomeke. Yule afisa hajawahi kufika soko la Kibuye wala hajui omena ni nini. Mwandikie kwamba ni samaki wadogo waliokaushwa. Tangu mwaka 2021, nchi za Ulaya zinataka maelezo haya yatumwe kwa kompyuta kabla kifurushi hakijafika, kwa hivyo karani anapokuuliza maswali mengi pale kaunta, usione anakusumbua. Anachoandika ndicho kitakachosomwa kule.

Sasa aliya na samli. Hapa hata fomu iliyojazwa vizuri isingekuokoa. Umoja wa Ulaya haukubali nyama wala mazao ya maziwa kutoka nchi kama yetu kwenye vifurushi vya watu binafsi, hata kikiwa kipande kimoja, hata ikiwa imekauka kama mbao. Wanaogopa magonjwa ya mifugo, na hofu hiyo si ya bure. Januari 2025 ugonjwa wa miguu na midomo ulionekana kwa nyati wa maji huko Brandenburg, mara ya kwanza Ujerumani tangu mwaka 1988, na biashara yao ya nyama na maziwa ikatikisika. Samaki waliokaushwa wana sheria nyepesi kuliko nyama, mradi wawe wa kula nyumbani na si wa kuuza. Kwa hivyo safari nyingine omena waende, wafungwe wasitoe harufu, waandikwe kwenye mstari wao. Aliya mwanao ataila akija likizo.

Kuhusu kulipia kurudishwa: kwenye fomu ya vifurushi kuna sehemu inayouliza kifanyiwe nini kisipopokelewa, kirudishwe au kiachwe huko huko. Watu wengi huiruka. Ukichagua kirudishwe, gharama ya kurudi ni yako. Amua kabla ya kutia sahihi.

Mimi ni kijana wa Nakuru. Nauza vikapu vya mafunjo vinavyosukwa na akina mama wa kando ya ziwa. Mteja wangu wa Marekani ameniomba niandike "zawadi" na nishushe bei iwe dola 20, ingawa amenilipa dola 140. Anasema wauzaji wote hufanya hivyo. Nifuate?

Usifuate, mwanangu. Fomu ile ina sahihi yako, si yake. Likigunduliwa, na risiti ya malipo ni rahisi kupatikana, mzigo unaweza kuchukuliwa, na jina lako ndilo litakalobaki kwenye kumbukumbu zao. Tena mzigo ukipotea, fidia hufuata thamani uliyoitangaza mwenyewe. Utadai dola 20 kwa kazi ya dola 140, na wale akina mama utawaambia nini?

Najua kinachomsukuma mteja. Zamani mzigo wa chini ya dola 800 uliingia Marekani bila ushuru. Msamaha huo ulisitishwa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025, na wakati ule posta za nchi nyingi zilisimamisha kwa muda vifurushi vya kwenda huko hadi zijue ushuru utakusanywa vipi. Zawadi ya kweli isiyozidi dola 100 iliachwa na msamaha wake, na ndiyo maana watu wamelikimbilia neno hilo. Lakini kikapu kilicholipiwa ni bidhaa. Weka alama kwenye kisanduku cha mauzo, tia nakala ya ankara ndani na nyingine nje ndani ya mfuko wa plastiki, na uandike namba ya ushuru ya bidhaa. Tarakimu sita za mwanzo za namba hiyo zinafanana dunia nzima, na vitu vilivyosukwa kwa mafunjo viko chini ya 4602. Kabla hujafunga mzigo, uliza kaunta ushuru wa sasa ni kiasi gani na unalipwa na nani, kisha umwambie mteja bei yote mapema. Mteja mwema atalipa. Anayekutaka udanganye kwa niaba yake, mwache aende.

Vijana wanaouza kazi za mikono kutoka huku kwetu wanajenga jina la watu wengi kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu nimekujibu kwa ukali kidogo.

Mwanangu yuko Uholanzi, anatamani kupanda mrenda na managu kwenye bustani ndogo. Naweza kumtumia mbegu ndani ya bahasha? Ni kijiko kimoja tu. Msomaji, Mumias.

Kwa bahasha peke yake, hapana. Tangu Desemba 2019 mbegu za kupanda zinazoingia Umoja wa Ulaya zinahitaji cheti cha afya ya mimea, na kwetu hapa cheti hicho hutolewa na KEPHIS, shirika la serikali la kukagua afya ya mimea, baada ya kukagua mbegu. Uchache wake hausaidii. Kwa kijiko kimoja gharama na safari havitakulipa. Mwambie atafute mbegu za managu huko huko Ulaya. Wahamiaji wengi wanapanda mboga hizi, na zinauzwa.

Nataka kumtumia dada yangu aliye Kanada power bank niliyomnunulia Kakamega. Niandikeje kwenye fomu ili isizuiliwe?

Usiitume kwa posta, hata uiandike vipi. Betri za lithiamu zilizo peke yake, na power bank ni mojawapo, haziruhusiwi kwenye barua na vifurushi vya posta vinavyovuka mipaka, kwa sababu zinaweza kushika moto ndani ya ndege. Usiifiche katikati ya nguo pia, mashine ya ukaguzi itaiona na kifurushi kizima kitazuiliwa pamoja na hizo nguo. Mtu wako akisafiri anaweza kuibeba kwenye mkoba wa mkononi, kwa masharti ya shirika lake la ndege. Ama umtumie dada yako pesa anunue huko.