Listi mbili za namba, mwendo mmoja?

Kaka shikamoo. Nina vibanda viwili vya chipsi, sahani nilizouza Jumatano mpaka Jumamosi ni sinza = [40, 55, 50, 80] na mwenge = [25, 40, 35, 65]. Python (lugha ya kuandikia programu) inasema haziko sawa ila mi naona zinapanda na kushuka pamoja. Nani mkweli?

Marahaba dada, wote wakweli. Alama ya == inakagua namba moja moja, ikishakuta 40 na 25 haziko sawa imemaliza kazi. We unachouliza ni mwendo, yaani toka leo hadi kesho imepanda ngapi au imeshuka ngapi, kwa hiyo achana na namba zenyewe, linganisha hatua:

def hatua(x):
    return [b - a for a, b in zip(x, x[1:])]

Hapo zip inaunganisha kila siku na siku inayofuata jozi kwa jozi, halafu tunatoa. hatua(sinza) inatoa [15, -5, 30], na hatua(mwenge) inatoa hizohizo! Hapo == inakupa True. Ijumaa imeshuka sahani 5 kotekote, so usimlaumu kijana wako wa Mwenge peke yake. Ila hatua kulingana kabisa hivi ni nadra sana, siku nyingine tumia statistics.correlation (ipo kuanzia Python 3.10), jibu likikaribia 1 zinaenda pamoja, likikaribia -1 moja inapanda mwenzie anashuka. Na siku 4 ni chache mno dada yangu, andika hata mwezi mzima ndo uamue.

Listi zangu zina namba zilezile ila mpangilio tofauti, nimeambiwa nitumie set. Sawa?

Hapana! set inafuta marudio, [2, 2, 5] na [2, 5, 5] zote zinabaki 2 na 5 halafu unaambiwa ziko sawa wakati sio. Tumia sorted(a) == sorted(b), yaani zipange zote kwa ukubwa kwanza ndo ulinganishe, basi.

Mbona 0.1 + 0.2 == 0.3 inaleta False? Nimekesha nayo Mabibo hosteli.

Pole mdogo wangu, code yako haina kosa. Kompyuta inatunza desimali kwa mfumo wa 0 na 1, na 0.1 haikai humo kamili, ndo maana ukiprinti jumla unaona 0.30000000000000004. Weka math.isclose(0.1 + 0.2, 0.3), inayopuuza tofauti ndogo sana kama hiyo, ukalale.

Listi moja ina siku 30 nyingine 28, zip haijalalamika. Niko salama?

Hauko salama, imekata siku 2 za mwisho kimyakimya. Andika zip(a, b, strict=True), nayo inataka Python 3.10 kwenda juu, ikikuta urefu tofauti inaleta erori hapohapo na we unarudi kwenye daftari kutafuta siku zilizoruka.