Kabla hujamimina mahindi mashineni

"Nikoboe au nisage tu?" Miaka mingi nililijibu swali hilo la mashineni harakaharaka, nikiwaza foleni. Siku hizi nalijibu kwa makini. Kukoboa ni kuitoa punje ganda na kiini. Kinachobaki kikisagwa ndiyo sembe. Ukisaga punje nzima, umepata dona. Na ukitaka chenga za kupikia uji mzito, sema upaaziwe, usiseme usagiwe.

Nyumbani kwangu tunakula dona, na watoto wameshalizoea. Kiini kina mafuta na vitamini, ila mafuta hayohayo ndiyo yanayofanya unga uchache mapema. Ndiyo maana nasaga debe moja tu kwa safari.

Nilijifunza kwa hasara. Nilisaga debe tatu kwa mkupuo, wingu la mvua limetanda, nikafunga unga kwenye viroba ungali wa moto. Siku ya nne nafungua: mabonge, na harufu ya ukungu imenipiga usoni. Nilimwaga wote. Chakula cha familia cha mwezi mzima! Sasa nautandaza kwenye turubai safi kivulini, nazamisha mkono hadi chini, na nikihisi uvuguvugu wowote sifungi.

Mahindi yenyewe lazima yakauke sawasawa. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, tia punje na chumvi kavu, tikisa dakika chache, kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani.

Halafu kaa chini uchambue, hata kama umechoka. Punje zenye ukungu, zilizovunjika au kugeuka rangi, toa zote, na kuku usiwape. Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kusaga wala kwa kupika. Kukoboa huipunguza, hakuimalizi. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, watu waliokuwa wanakula ugali wao wa kila siku. Naomba sana, hapa usifanye haraka.

Ukifika mashineni, uliza aliyekutangulia kasaga nini. Kama ni muhogo au ulezi, mwombe msagaji apitishe kwanza kopo moja la mahindi yako na unga huo uukinge pembeni. Mimi huwa nabeba kifuko cha ziada kwa ajili hiyo.