Koati: kwa nini nawapenda, na kwa nini simfugi hata mmoja

Mkuu, umesema umewaona koati kwenye katuni na video fupi za simu, wamekuvutia, na sasa unauliza mambo mawili: kama mnyama huyu anafaa kufugwa nyumbani, na sisi tunaomshabikia tumependa nini kwake. Naanza na la pili, maana ukishalielewa hilo, la kwanza utalijibu mwenyewe. Nilijitolea miaka mitatu katika kituo kimoja cha kuokoa wanyama wa kigeni huko Ulaya, na koati ndio waliokuwa chini ya mikono yangu.

Kwa wasiomjua, koati ni mnyama wa Amerika, wa ukoo mmoja na rakuni. Ukimtazama haraka utadhani ni nguchiro aliyevutwa pua, kisha akapewa mkia mrefu wa pete-pete kama wa lemuri wa Madagaska. Yule wa pua nyeupe anapatikana kuanzia Arizona na New Mexico, kupitia Meksiko na Amerika ya Kati, mpaka Kolombia. Yule wa Amerika ya Kusini anashuka hadi kaskazini mwa Argentina. Wako pia wadogo zaidi wa milima ya Andes, lakini hao sijawahi kuwaona kwa macho. Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyepanga majina ya viumbe, alipowapa jina la kisayansi mwaka 1766 aliwaweka kwenye kundi la Viverra, yaani lile la fungo. Simlaumu. Sura ya koati inamchanganya kila anayemwona mara ya kwanza.

Kilichoniteka mimi ni pua. Imepita mbele ya mdomo, laini, na inageuka kila upande bila kichwa kusogea. Koati anaitumia kama fimbo ya kipofu na jembe kwa wakati mmoja: anaichomeka kwenye majani makavu, anavuta harufu, anasikiliza, halafu kucha ndefu za mbele zinafuata kuchimba. Mabuu, buibui, mende, nge, mijusi, matunda yaliyoanguka, vyote ni chakula. Anaweza kuhangaika na gogo moja lililooza kwa muda mrefu kuliko wewe unavyoweza kusimama ukimtazama. Na mkia ule anaoubeba wima kama bendera humsaidia kujisawazisha juu ya matawi. Majike na watoto wanapopita kwenye majani marefu, unachokiona ni misafara ya mikia tu. Vifundo vya miguu ya nyuma vinageuka kiasi kwamba anashuka mtini kichwa kikitangulia, bila wasiwasi.

Jambo la pili ni maisha yao ya kundi, na hili naomba ulishike kwa sababu nitalirudia. Majike huishi pamoja na watoto wao, pengine wachache, pengine zaidi ya ishirini. Wanatafuta chakula pamoja, wanachambuana manyoya, na mmoja akishtuka wote wanakwea miti. Dume akishapevuka, kwenye umri wa miaka miwili hivi, anatoka na kuishi peke yake. Majike humvumilia wakati wa kupandana tu, naye huingia kwa unyenyekevu mkubwa, kisha wanamfukuza kwa sababu madume wakubwa wakati mwingine huua watoto. Tofauti hii ya maisha iliwapoteza wataalamu kwa muda mrefu: dume mpweke alidhaniwa kuwa aina nyingine kabisa ya mnyama, na jina la coatimundi linatokana na kumwita hivyo yule anayetembea peke yake. Aliyelieleza jambo hili vizuri ni mtafiti John Kaufmann, aliyewafuatilia koati wa kisiwa cha Barro Colorado kule Panama na kuchapisha kazi yake mwaka 1962.

Sasa hizo picha zilizokuvutia. Watu wanadhani umaarufu wa koati umeletwa na simu, lakini uko kwenye masimulizi tangu zamani. Ndani ya Popol Vuh, kitabu cha Wamaya wa K'iche' wa Guatemala kilichoandikwa karne ya 16, kuna wazee wawili, babu na bibi, ambao majina yao hutafsiriwa kuwa Nguruwe-mwitu Mkuu Mweupe na Koati Mkuu Mweupe. Ndio wanaowasaidia mapacha Hunahpu na Xbalanque kumshinda Kasuku Saba, yule mwenye majivuno aliyejiita jua. Wazee wanajifanya waganga wa meno na macho, wanamng'oa meno yake yanayong'aa, na utukufu wake unakwisha hapohapo. Kila nilipomwona koati akilikabili gogo kwa subira na ujanja, nilimkumbuka bibi yule. Walioishi naye msituni walimwona mjanja mwenye busara. Kwetu amekuwa kikaragosi.

Miaka ya 1980 mwanamuziki Andy Hernandez wa kundi la Kid Creole and the Coconuts alijulikana kwa jina la Coati Mundi. Mwaka 2021 Disney walitoa Encanto, filamu iliyowekwa Kolombia, na koati wamo kati ya wanyama wanaomzunguka mtoto Antonio. Nilifurahi kwa dhati siku nilipoiona. Kwanza wamewekwa nchi yao, si kwenye msitu usio na jina. Pili wako zaidi ya mmoja. Mchoraji aliyewachora wakiwa pamoja amesema ukweli mkubwa ambao video nyingi za simu hazisemi.

Maana video hizo karibu zote ni za koati mmoja. Yuko kwenye kochi, amevishwa kamba kifuani, anachomeka pua mfukoni mwa mtu au anachota mtindi kwa ulimi. Anapendeza, nakubali. Lakini tazama anachofanya: anatafuta mabuu kwenye kochi. Kundi alilopaswa kuwa nalo ni huyo mtu mmoja mwenye simu. Na karibu wote ni wachanga. Jiulize wale wakubwa wako wapi.

Mimi nawajua baadhi walipo, kwa sababu tuliwapokea.

Alikuja dume mmoja, tumwite Nino. Alinunuliwa mchanga, akanyonyeshwa kwa chupa, akawa analala shingoni mwa mama mwenye nyumba. Watoto walimpiga picha kila siku. Alipokaribia miaka miwili akaanza kukojoa kila pembe ya nyumba kuweka mipaka yake, akafungua makabati yote, akachimba vyungu vya maua. Hayo walivumilia. Kisha akamng'ata kijana wa nyumba mkononi. Chonge za koati dume ni ndefu, zimekaa kama visu, na zinapasua nyama badala ya kutoboa tu. Kuanzia siku ile Nino alihamishiwa gereji, ndani ya tundu lenye sakafu ya saruji, na akakaa humo zaidi ya miaka minne. Siwasemi vibaya watu wale. Walilia walipomleta, na walimleta wenyewe. Walikuwa wameuziwa mtoto wa mnyama bila kuambiwa atakuwa nani akikua.

Nilipomwona mara ya kwanza mkia alikuwa anauburuta. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko unene wake, kuliko meno yaliyooza kwa vitu vitamu. Pua ilikuwa imechubuka juu kwa kusuguliwa kwenye waya. Alizunguka kwa njia ileile, hatua zilezile, kama namba nane, hata pale tulipomweka kwenye uzio mpana. Eneo lilikuwepo, miti ilikuwepo, yeye akaendelea kutembea ndani ya tundu ambalo halikuwepo tena.

Tulianza na udongo. Mtunzaji mkuu, mama mmoja mwenye uzoefu wa miaka mingi, alituambia tusimpe chakula kwenye bakuli hata siku moja. Tulitandaza majani makavu na udongo wa kina cha kutosha kuchimba, tukamwaga nyenje na mabuu humo, tukaficha vipande vya mayai na mboga chini ya magome. Matunda matamu tulimpa kidogo sana, kwa sababu koati wa kufugwa ananenepa upesi. Siku za mwanzo alisimama pembeni akisubiri bakuli. Siku ya tisa nilimwona anaingiza pua kwenye majani, anaitoa, anapiga chafya, anaingiza tena. Kisha akachimba. Alichimba vibaya, kwa mkono mmoja, udongo ukimrudia usoni, lakini alichimba mpaka giza likaingia. Nilisimama pale bila kutikisika nisije nikamkatisha.

Nikueleze pia jambo la sabuni, kwa sababu ndilo lililonifanya nisome zaidi. Kwenye uzio wa jirani tulikuwa na majike wawili wazee, ndugu wa tumbo moja. Siku moja nilisahau kipande cha sabuni ya manukato juu ya ndoo. Mmoja alikinyakua, akakaa kitako, akaanza kukipaka kwenye mkia wake kwa mikono miwili, kwa bidii kama mtu anayefua nguo. Ndugu yake akaja, wakapakana. Nilidhani ni mchezo waliojifunza kwa watu. Baadaye nikajua kuwa Panama watafiti waliwaona koati wa mwituni wakikusanyika kwenye mti uitwao Trattinnickia, wakijipaka utomvu wake wenye harufu kali mwilini na kuwapaka wenzao. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 1993. Majike wangu, waliozaliwa ndani ya uzio, walikuwa bado wanautafuta mti ule. Tukaanza kuwaletea matawi na majani yenye harufu, na sabuni nikaifungia kabatini.

Kuhusu sheria, utafute ya nchi uliyopo kabla hujafika mbali. Katika Umoja wa Ulaya koati wa Amerika ya Kusini aliingizwa mwaka 2016 kwenye orodha ya viumbe vamizi: kumuuza, kumzalisha na kumfuga upya ni marufuku, na waliokuwa naye tayari wanaruhusiwa kumtunza mpaka afe, mradi asitoroke wala kuzaa. Wako waliotoroka au kuachiwa wakaenea kisiwani Mallorca. Chile nao wana kilio chao visiwa vya Juan Fernández, ambako koati walipelekwa na watu na sasa wanashambulia ndege wa baharini wanaotaga kwenye mashimo. Pua ileile tunayoipenda, mahali pasipo pake, inamaliza viota.

Na kwenye maporomoko ya Iguazú, mpakani mwa Argentina na Brazili, ambako koati ni wenyeji, kumewekwa mabango yenye picha za mikono ya watu iliyopasuliwa. Wageni huwalisha, koati wamezoea, wanapora mifuko mezani. Nimeona watu wakiandika kwamba koati wa pale ni wakorofi. Wamefundishwa na sisi kwamba mkono wa mtu ni chakula.

Ukiniuliza basi kama wasiwepo kabisa kwenye uzio wowote, jibu langu ni hapana. Bustani nzuri ya wanyama inayoweka kundi, yenye udongo wa kuchimba, miti ya kukwea, mahali pa juu pa kulala, na daktari anayejua kwamba koati hushikwa na distempa, ugonjwa hatari wa virusi vya mbwa, na kichaa cha mbwa, hiyo naiunga mkono. Nenda huko ukae nusu siku. Koati ni mnyama wa mchana, kwa hiyo utamwona akiwa kazini. Lakini nyumbani, mmoja peke yake, hapana. Anaweza kufikisha miaka 15 akiwa mikononi mwa watu. Ule utoto wa kwenye video ni sehemu ndogo mno ya hiyo miaka.

Nino alihasiwa, na baada ya miezi kadhaa ya kunusana kupitia waya tukamfungulia mlango wa kwa wale majike wawili. Walimfukuza siku ya kwanza, na ya pili, na juma zima. Alikuwa anarudi ameinamisha kichwa, anatoa ule mlio mwembamba wanaoutumia kuitana, anakaa mbali kidogo. Sikuhesabu siku. Najua tu kwamba asubuhi moja ya baridi nilifika mapema na bakuli la mabuu, nikawakuta wote watatu kwenye jukwaa la mbao wamekuwa donge moja. Jina la koati lina asili ya Kitupi, na wanaolifafanua husema linaunganisha pua na mkanda, kwa jinsi anavyolala pua imezama tumboni. Nilihesabu mikia mitatu. Pua niliziona mbili tu. Ya Nino ilikuwa imezama kwenye manyoya ya tumbo la jike mzee, naye alikuwa amemwekea mkono shingoni.