Transfoma ya mashine ya sembe: anza na mota kubwa, kVA zitafuata

Mkuu, umeuliza kama uchukue ile transfoma ya mtumba ya 200 kVA (kVA ndicho kipimo cha uwezo wa transfoma) unayouziwa kwa ajili ya kiwanda chako cha sembe Makambako, na fundi wako amekuambia ujumlishe kilowati za mota zote basi. Nimefunga na kuhudumia transfoma za viwanda Nyanda za Juu Kusini kwa miaka mingi, hasa mashine za nafaka na za mbao. Nitajibu kwa urefu, maana hapa ndipo hela za watu wengi zinapopotelea.

Hesabu ya fundi si mbaya, ila imeishia njiani. Umetaja mota ya kusaga kW 75, ya kukoboa kW 37, vipandisha nafaka na mashine za kufungashia kW 15, taa na ofisi kW 8. Jumla 135. Lakini kilowati zilizoandikwa kwenye mota ni zile zinazotoka kwenye shafti. Zinazoingia ni zaidi, kwako kama 146. Kisha gawa kwa pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa ambayo inafanya kazi kweli. Bila kapasita, vifaa vya kuinua hiyo pawa fakta, utakuwa kwenye 0.85 hivi, sawa na 172 kVA. Ukifunga kapasita ukafika 0.95, unashuka hadi 154. Kwa hiyo zote zikisaga pamoja, 200 inabeba.

Kazi iko kwenye kuwasha. Mota ya kW 75 kwa voti 400 inakula kama ampea 135 ikiwa na mzigo kamili. Ukiiwasha kwa DOL, yaani moja kwa moja kwenye laini, inavuta mara sita ya hapo, karibu ampea 800, yaani takriban 560 kVA kwa sekunde kadhaa. Transfoma ya 200 yenye impidansi (ukinzani wake wa ndani) ya 4% itapoteza kama 11% ya voti zake: 400 zinakuwa 355. Ongeza kinachopotea kwenye kebo na kwenye laini iliyotoka mbali, utaona taa zinafifia, kontakta (swichi za kuwashia mota) zinanguruma, na mota nyingine zinapata moto. Ukitumia stata ya star-delta, inayoanza mota kwa voti pungufu kisha kuipa kamili, mvuto unashuka hadi theluthi moja na upotevu unakuwa chini ya 4%. Ila nguvu ya kuzungusha nayo inashuka hadi theluthi, kwa hiyo mwambie kijana wa zamu asiwashe kinu kikiwa na mahindi ndani. Kiwashwe kitupu, kishike mwendo, ndipo afungue mlango wa kulishia. Wengi wanalaumu transfoma wakati kosa liko hapo.

Msimamo wangu ni huu: kama hutaongeza mashine, 200 kVA, star-delta na kapasita vinakutosha. Kama una mpango wa kinu cha pili ndani ya miaka michache, nenda 315 sasa. Usiruke hadi 500 kwa kujihami. Transfoma ikishawashwa inakula umeme usiku na mchana hata kama hamsagi, na kila wati 100 zinazoliwa hivyo ni uniti 876 kwa mwaka. Waulize TANESCO mita itakaa upande gani. Ikikaa upande wa msongo wa kati, yaani wa laini kubwa inayoingia kwenye transfoma, hasara hiyo ni ya kwako wewe. Kwa muuzaji, dai namba mbili kwa maandishi: hasara isiyo na mzigo na hasara ya mzigo kamili. Asiyeweza kuzitoa, mimi simwachii hela.

Sasa hiyo ya mtumba. Kabla ya bei, soma bamba, kile kibati cha taarifa kilichopigwa kwenye transfoma. Laini inayopita kwako ni ya 33 kV (kilovoti) au 11? Ya 11 haifungwi kwenye 33 kwa namna yoyote. Hezi ziwe 50. Iliyotengenezwa kwa 60, ukiipa voti zilezile kwenye 50, chuma chake kinashiba sumaku, inanguruma na kupata joto. Kundi la muunganisho, yaani namna koili zilivyoungwa ndani, liwe Dyn11. Ukikuta upande wa chini umeandikwa 433 badala ya 400, usishtuke, za India nyingi ndivyo zilivyo. Ila tepu, swichi ya kurekebisha voti zinazotoka, itabidi ipangwe vizuri, na tepu za aina hizi hubadilishwa umeme ukiwa umezimwa kabisa pande zote.

Na bamba lenyewe liangalie kwa jicho la karibu. Niliwahi kuitwa kukagua moja kwenye yadi: rangi mpya inang'aa, lakini ribiti za bamba zilikuwa zimepigwa juu ya rangi hiyo mpya, silika jeli, punje za kunyonya unyevu, imegeuka waridi yote kwa kushiba maji, na chini ya bushingi, zile shingo za kupitishia nyaya, kuna mchirizi wa mafuta uliofutwa na kitambaa. Mteja alisitisha malipo tulipopima koili, maana uwiano wa mizunguko yake haukulingana na bamba. Kwa hiyo dai vipimo mbele yako: megga (kipimo cha uzima wa insulesheni), uwiano wa koili, ukinzani wa koili, na mafuta. Mafuta ya transfoma iliyokwisha kutumika yasivunjike, yaani yasipitishe cheche, chini ya 30 kV kwenye mwanya wa milimita 2.5. Kama ni ya zamani sana, pima na PCB, kemikali ya sumu iliyotiwa kwenye mafuta ya zamani. Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Stockholm, na mafuta yenye zaidi ya miligramu 50 za PCB kwa kilo ni mzigo wa sumu utakaokaa mikononi mwako.

Kuna aliyekushauri transfoma kavu isiyo na mafuta. Hizo ni nzuri ndani ya majengo, hospitali na hoteli. Wewe una vumbi la unga, litaziba njia za hewa zinazoipoza. Chukua ya mafuta, ikae nje, kwenye uzio unaofungwa kwa kufuli kwa sababu ya wezi wa mafuta, na usisahau aresta za radi (vifaa vya kupeleka radi ardhini) upande wa msongo wa kati. Mvua za kwenu unazijua. Mwinuko wa Makambako unapunguza upoaji kidogo, ila baridi yenu inafidia.

Kazi apewe mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na TANESCO waione michoro kabla hujanunua chochote. Piga picha ya bamba ikiwa inasomeka, iweke hapa kwenye uzi tuipitie pamoja kabla hujatoa kishika uchumba, yaani malipo ya awali.