Jibu: Saa za kazi hazilingani tangu programu isasishwe
Ndugu, umeuliza kwa nini programu ya mahudhurio, tangu isasishwe, inaonyesha 7.75 ilhali ulifanya kazi kwa saa 7 na dakika 45. Hapo hujapunjwa: toleo jipya linaandika muda kwa desimali, na 0.75 ya saa ni dakika 45, ingawa kubadili namna ya kuhesabu jasho la watu bila kuwaarifu si haki hata kidogo. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni zamu yako ya usiku kuingizwa katika tarehe isiyo yake, kwani huenda mpangilio wa majira ya saa umerudi kwenye UTC, yaani saa ya marejeo ya kimataifa, badala ya saa za kwenu. Mwombe msimamizi wa mfumo aukague kabla mishahara haijakokotolewa, nawe uhifadhi picha za skrini za kila zamu iliyoathirika.