Kadi ya sauti ya ISA isiyo na jina: soma chipu, kisha iulize kadi yenyewe

Mkuu, umesema umepata kadi ya sauti ya ISA (aina ya sloti ya kompyuta za zamani) isiyo na jina, umeichomeka kwenye Pentium 133 yenye DOS 6.22, na ukicheza Doom muziki unapiga vizuri ila bunduki na milango viko kimya. Unataka kujua ni kadi gani, na kama uiache utafute Sound Blaster yenyewe. Usiitupe. Kwa dalili hiyo kadi yako ni nzima kwa zaidi ya nusu, na huenda ni nzima yote.

Anza na chipu, achana na stika. Miaka ya 1990 kampuni nyingi ndogo zilinunua chipu kutoka ESS, Yamaha, OPTi au Crystal, zikazipachika kwenye ubao wao na kubandika jina lolote. Kadi mbili zenye majina tofauti zinaweza kuwa kitu kimoja, na kadi mbili zenye jina moja zikawa tofauti kabisa ndani. Toa kadi, tafuta chipu kubwa kuliko zote, mulika tochi kutoka pembeni karibu usawa wa ubao. Herufi zilizofifia hujitokeza kwa kivuli chake. Zikikataa, sugua chaki nyeupe juu ya chipu kisha pangusa kwa kidole. Unga hubaki kwenye mikwaruzo ya maandishi.

Ukisoma ES1688, ES1868 au ES1869, hiyo ni ESS AudioDrive: inaendana na Sound Blaster Pro, na muziki wake unatoka kwenye ESFM, ambayo iko karibu sana na OPL3, chipu ya muziki ya Yamaha. YMF718 au YMF719 ni Yamaha OPL3-SA, na hapo umeokota dhahabu, kwa sababu OPL3 iliyo ndani ni ya Yamaha mwenyewe na sauti za dijitali zinaendana na Sound Blaster Pro kwa stereo. CS4232 na CS4236 ni za Crystal, nzuri kwa usafi wa sauti. OPTi 82C929, 82C930 na 82C931 zinafanya kazi, ila mimi ningeziweka mwisho wa foleni.

Kadi ya Creative, watengenezaji wa Sound Blaster, husomwa kwa namba ya CT iliyochapwa kwenye ubao, kwa mfano CT1600, CT2230 au CT4500. Muuzaji akikuambia "ni Sound Blaster 16" bado hajakuambia kitu. Jina hilo lilibeba matoleo mengi mno. Mwombe picha ya namba hiyo. CT1350 ni Sound Blaster 2.0, CT1330 ni Pro ya kwanza yenye chipu mbili za OPL2, CT1600 ni Pro 2 yenye OPL3, CT1740 ni SB16 ya mwanzo ya mwaka 1992.

Swali kubwa linalofuata ni muziki wa FM, ule ambao chipu inautengeneza yenyewe badala ya kucheza rekodi, unatoka wapi. AdLib ya mwaka 1987 ilitumia chipu ya Yamaha YM3812, ambayo ndiyo OPL2, ikisikiliza kwenye porti 388h. Waandishi wa gemu walitunga kwa ajili ya chipu hiyo, baadaye kwa mrithi wake YMF262, yaani OPL3. Kwenye kadi nyingi utaiona YMF262-M wazi, na pembeni yake chipu ndogo YAC512 inayogeuza namba kuwa sauti. Kwenye SB16, ukiona CT1747 tulia, ina OPL3 ya kweli ndani. Ukiona CT1978, au kadi ni Vibra (toleo la bei nafuu la SB16) yenye chipu CT2505, au ni AWE64 yoyote, muziki wa FM unatoka kwenye CQM, mbadala wa Creative. CQM hucheza noti zilezile, lakini ala za shaba na ngoma zinakuwa na mlio wa bati. Kwa mtu aliyezoea OPL tofauti haihitaji sikio la mwanamuziki.

Sasa iulize kadi yenyewe. DOS ina programu ndogo ya DEBUG, na hiyo inatosha bila kushusha programu yoyote. Kama kadi ni ya PnP (Plug and Play, hupangwa na programu), iamshe kwanza (nitaeleza chini), la sivyo haitajibu. Andika DEBUG, kisha mstari mmoja mmoja:

o 226 1
o 226 0
i 22a

Mistari miwili ya kwanza inaiwasha upya DSP, ile sehemu inayocheza sauti za dijitali. Jibu la wa tatu liwe AA. Ukipata FF, hakuna kitu kwenye anwani 220. Rudia kwa 240, yaani 246 na 24a. Ukishapata AA endelea:

o 22c e1
i 22a
i 22a

Namba mbili zinazorudi ni toleo la DSP kwa heksadesimali. 02 na 01 ni 2.01, Sound Blaster 2.0. 03 na 02 ni 3.02, familia ya Pro. Kadi za ESS na Yamaha hujitambulisha hapa pia, kwa kawaida 3.01 au 3.02. 04 ni SB16 na ndugu zake, na namba ya pili ndiyo ya kuangalia: 05 ni 4.05, 0B ni 4.11, 0C ni 4.12, 0D ni 4.13, 10 ni 4.16. Hizo tatu za katikati, 4.11, 4.12 na baadhi ya 4.13, zina ugonjwa unaojulikana: ukiunganisha sinthesaiza ya MIDI kwenye porti 330 huku sauti za dijitali zikicheza, noti moja huganda na kulia bila kukoma mpaka wimbo ubadilike. Hakuna draiva inayouponya. Kama huna mpango wa kutumia sinthesaiza kama Roland SC-55 au kadi ndogo ya kupachika juu, ugonjwa huo haukuhusu na kadi ni nzuri tu.

Kwa muziki andika i 388. Ikijibu 06 ni OPL2, ikijibu 00 ni OPL3 au kitu kinachojifanya OPL3, FF hakuna. Jibu hilo halitakutofautishia CQM na Yamaha. Kwa hilo ni macho na masikio. Toka kwa q.

Turudi kwenye Doom yako. OPL haihitaji IRQ wala DMA. Prosesa inaandika namba kwenye porti 388 na chipu inaimba, basi. Sauti za dijitali zinahitaji vitu vitatu vipatane: anwani, DMA inayobeba data kutoka kwenye kumbukumbu, na IRQ inayoiambia gemu "kipande kimeisha, lete kingine". Ndiyo maana muziki unapiga na risasi ziko kimya. Ukisikia mlio wa kwanza tu kisha kimya, au kipande kifupi kinajirudia kama sahani iliyokwama, DMA ni sahihi na IRQ ndiyo imekosewa. Kimya kabisa, au gemu inaganda inapojaribu kadi, angalia DMA kwanza. Milio ikiwa mizuri halafu muziki ndio haupo, mara nyingi kwenye SETUP ya gemu umechagua General MIDI badala ya Sound Blaster au AdLib, na hakuna kitu kilichounganishwa kwenye 330.

Marekebisho yanategemea aina ya kadi. Yenye jampa (vifuniko vidogo vinavyounganisha pini) za IRQ na DMA, ziweke kwenye 5 na 1. Epuka IRQ 7 ingawa ndiyo iliyokuwa chaguo la kiwandani kwa Sound Blaster za mwanzo, maana printa ya LPT1 inakaa hapohapo. SB16 za kabla ya PnP huwachanganya watu: jampa zake ni za anwani, ilhali IRQ na DMA huwekwa na programu kila kompyuta inapowaka. Bila mstari wa DIAGNOSE /S kwenye AUTOEXEC.BAT, faili ambalo DOS hulitekeleza inapowaka, utapata dalili yako hiyohiyo, muziki bila milio.

Kadi za PnP hulala mpaka ziamshwe. Kwa za Creative ni CTCM. Kwa karibu nyingine zote, Yamaha, ESS na Crystal zikiwemo, tumia UNISOUND, faili moja dogo lisilobaki kwenye kumbukumbu. Linasoma mpangilio wa BLASTER na kuipanga kadi kulingana nao, kwa hiyo lazima litanguliwe na SET:

SET BLASTER=A220 I5 D1 P330 T4
C:\UNISOUND.COM

A ni anwani, I ni IRQ, D ni DMA, P ni porti ya MIDI, na T4 ni Sound Blaster Pro 2. Kwa SB16 mstari unakuwa A220 I5 D1 H5 P330 T6, H ikiwa DMA ya biti 16. Hiyo H5 inahitaji sloti ndefu ya biti 16, na haipo kabisa kwenye Vibra 16X na XV kama CT4170. Hizo zina DMA za chini tu, na gemu nyingi zinazotaka H5 zitakataa. Chagua Sound Blaster au SB Pro kwenye SETUP.

Kabla hujahangaika zaidi ingia BIOS, sehemu ya PNP/PCI, uiwekee IRQ 5 na DMA 1 neno Legacy ISA kama kadi si PnP. Bila hivyo BIOS inaweza kuigawia kadi ya PCI IRQ hiyo, na mtatafutana mchawi bure. Ubao wenye sauti ya kujengewa, izime. Na kama kadi ya I/O ina porti ya jostiki, zima mojawapo, kwa sababu zote mbili zinagombania 201h.

Upande wa mwili wa kadi, mguso ndio adui wa kwanza, hasa kwa sisi wa Pwani ambako hewa ya chumvi huacha ukungu wa kijani kwenye meno ya dhahabu. Futa kwa raba nyeupe ya shule, polepole, kutoka kwenye ubao kuelekea nje, kisha pangusa kwa spiriti safi ya isopropili. Usitumie msasa, tabaka la dhahabu ni jembamba na likiondoka halirudi. Kompyuta iwe imechomolewa ukutani, kuzima swichi hakutoshi kwa ATX.

Baadhi ya kadi za miaka ya mwanzo zinatumia volti −5, ambayo pauwa saplai za kisasa hazitoi. Geuza kadi uangalie upande usio na chipu, hesabu meno kuanzia kwenye bamba la chuma la nyuma: la tano, B5, ndilo la −5. Kama hakuna njia ya shaba inayotoka pale, huna wasiwasi. Kama ipo na kadi iko kimya au inakwaruza, umepata sababu.

Mlio wa "shhhh" na mikwaruzo inayofuata diski ngumu mara nyingi hutoka kwenye amplifaya ya kadi, chipu kama TEA2025B karibu na jeki. Tumia jeki ya Line Out kama ipo. Kama kuna jeki moja tu, tafuta jozi ya jampa karibu na amplifaya inayochagua kupita ndani yake au kuikwepa. Hamisha zote mbili pamoja. Ukisahau moja utapoteza sikio moja na kudhani kapasita imekufa. Kapasita zenyewe zikivimba au kuacha doa la majimaji kwenye mguu, badilisha kwa thamani ileile ya µF na volti sawa au zaidi, ukiangalia upande wa hasi.

Tahadhari nyingine moja: soketi ya pini 40 kwenye Sound Blaster Pro na SB16 nyingi si IDE hata kama kebo inaingia vizuri. Ni ya CD-ROM za Panasonic, na kwenye kadi nyingine ni ya Mitsumi. CD-ROM yako ya kawaida ichomeke kwenye IDE ya ubao mkuu.

Je, utafute Sound Blaster? Kwa gemu za DOS za kati ya 1988 na 1994 ningebaki na YMF719 au ES1868 kuliko SB16, na sababu ni moja: SB16 haielewi stereo ya Sound Blaster Pro, hivyo gemu zilizoandikiwa Pro zinatoka mono juu yake. SB16 inashinda kwenye gemu za baadaye zenye sauti za biti 16, Duke Nukem 3D ya 1996 ikiwa mfano. Gravis UltraSound ni kadi ya kupendeza mno kwa gemu zilizoandikiwa yenyewe, lakini kuiga Sound Blaster kwake ni kwa programu na hukwama mara kwa mara, kwa hiyo isiwe kadi yako pekee.

Na kama milio ikirudi ila baadhi ya gemu za zamani sana zinasema hazioni AdLib, kadi haina kosa. OPL2 inahitaji takriban mikrosekunde 3.3 baada ya kupokea anwani na 23 baada ya kupokea data, na gemu za enzi za 286 zilihesabu muda huo kwa mizunguko ya prosesa. Pentium inamaliza mizunguko kabla chipu haijawa tayari. Zima kashe ya ndani kwenye BIOS kwa gemu hizo tu, kisha iwashe tena.

Tuma picha ya chipu kubwa na majibu ya DEBUG hapa, tukupangie mstari wa BLASTER unaoendana na kadi hiyo.