Hang Tuah alimuua nani hasa? Maswali yenu

Nilipomgusia Hang Tuah, yule shujaa wa dola ya zamani ya Melaka (Malaysia ya leo), maswali yakamiminika. Najibu machache.

Hikayat Hang Tuah, kile kitabu cha hadithi yake, aliandika nani?

Hajulikani. Watu walikuwa wanainakili kwa mkono kwa herufi za Kiarabu, kila mmoja anaongeza anapunguza, na jina haweki. Ila muda unabanika: humo ndani Waholanzi wameshaiteka Melaka, na hiyo ni 1641, halafu Mholanzi mmoja, Valentijn, anaitaja kwenye kitabu chake cha 1726. Kwa hiyo hii tuliyonayo ilikamilika hapo katikati, na wataalamu wengi wanainyooshea kidole Johor, dola jirani ya kusini. Ukiambiwa mtunzi ni Tun Sri Lanang jua mtu kachanganya mafaili, huyo anahusishwa na Sejarah Melayu ya 1612, kitabu cha historia ya wafalme wa Melaka.

Mbona wengine wanasema alimuua rafiki yake Jebat, wengine rafiki yake mwingine, Kasturi?

Yote yameandikwa. Kwenye Hikayat, Tuah anasingiziwa kutembea na mwanamke wa ikulu, sultani anaamuru auawe, bendahara (waziri mkuu) anamficha kimyakimya. Rafiki yake Jebat anadhani jamaa kashakufa, basi anaasi na kuiteka ikulu, na wa kumtoa hakuna mpaka bendahara aseme ukweli kwamba Tuah yuko hai. Tuah anaitwa, anamchoma Jebat jeraha linalomuua.

Sasa njoo Sejarah Melayu, ile nakala inayoitwa Raffles 18: mwasi ni Kasturi, na kisa ni mapenzi yake na mwanamke wa ikulu, habari ya kulipiza kisasi cha rafiki haipo kabisa. Wanapigana, jambia la Tuah linanasa, Kasturi anamwachia alichomoe, na siyo mara moja. La Kasturi linanasa mara moja tu, Tuah anamchoma kwa nyuma! Kasturi anamuuliza uanaume gani huo, Tuah anamjibu nani atacheza haki na msaliti kama wewe. Mimi hapo ndipo napoipenda, maana kitabu ni cha ikulu na bado hawakuifuta hiyo aibu. Hikayat, iliyoandikwa Melaka ishapotea, inamtaka mtumishi asiye na doa zaidi ya hapo.

Shujaa nani basi, Tuah au Jebat?

Zamani ilikuwa Tuah, basi. Baada ya uhuru wa Malaya wa 1957 wasomi wakaanza kumpandisha Jebat, hasa Kassim Ahmad na tasnifu yake ya 1959, na ndiye huyohuyo aliyeihariri Hikayat ikachapwa 1964. Mimi simpi Jebat kura yangu: akiwa ikulu anastarehe na wanawake wa sultani na mwisho anatoka mjini anaua ovyo watu wasio na kosa, kurasa hizo mashabiki wake wanazirukaga.

Alikuwepo kweli?

Mwanahistoria Khoo Kay Kim alisema 2012 kwamba ushahidi hakuna, watu wakawaka kwelikweli. Kuhusu kufa nako hawaelewani: Sejarah Melayu inasema alikufa akazikwa, Hikayat inasema hakufa, alijitenga huko juu mtoni. Ila ukienda Melaka leo wanakupeleka Tanjung Kling kuona kaburi lake.